Kasumba Mbili

Kiswahili kina maneno mawili ya zamani ya kuutaja utomvu unaogemwa kwenye tunda bichi la mpopi: afyuni na kasumba. Afyuni limebaki kwenye kamusi na midomoni mwa wazee wachache wa pwani. Kasumba limehama. Leo ukimwambia kijana wa Dar es Salaam kwamba fulani ana kasumba, hatafikiria dawa yoyote. Atafikiria mtu aliyelishwa wazo mpaka halioni tena kuwa ni wazo, analiona kuwa ndivyo dunia ilivyo. Kasumba ya ukoloni. Kasumba ya kwamba cha nje ndicho bora. Na mwenye kasumba, kama ujuavyo, ndiye wa mwisho kujua kwamba anayo.

Nimekuwa nikilifikiria neno hili kwa sababu miezi hii nasoma vitabu kuhusu dawa za maumivu za ukoo wa afyuni: morfini, kodeini, tramadoli, oksikodoni, fentanili. Wataalamu huziita opioidi. Nyingine zinatoka kwenye mpopi wenyewe, nyingine zinatengenezwa maabara, lakini zote zinabisha mlango uleule katika ubongo. Vitabu vingi vinauliza nani alaumiwe. Ni swali zuri, na mahakama zimelishughulikia. Linalonisumbua mimi ni jingine: yule aliyeshika dawa ana wajibu gani kwa yule aliyeshikwa na maumivu?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba ampunguzie maumivu. La pili, linalolifuata kwa karibu, ni kwamba asimdhuru. Kwa dawa hizi majibu hayo mawili yanagombana, maana kinachopunguza ndicho kinachoweza kudhuru. Nadhani ugomvi huo una suluhu, ila unadai wajibu wa tatu ambao tunausahau kila siku: amwambie ukweli. Pale wajibu huo ulipoachwa, pakaota kasumba. Na zimeota mbili, moja ng'ambo ya bahari, nyingine huku kwetu.

Tuanze na ile ya Marekani. Januari 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick. Sentensi tano tu. Walikuwa wamepitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini, na kati ya 11,882 waliopata angalau dozi moja ya dawa hizi, waliona wanne tu waliopata uraibu uliothibitishwa ilhali hawakuwa na historia ya uraibu. Angalia vizuri barua hiyo ilimhusu nani: mtu aliye kitandani, muuguzi akimhesabia dozi. Haikumhusu mtu aliyerudi nyumbani na chupa ya vidonge vya mwezi mzima. Lakini ikaanza kutajwa, na anayeitaja akawa anamnakili aliyeitaja kabla yake. Mwaka 2017 jarida hilohilo lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba barua ile ilikuwa imetajwa mara 608, wengi wakiitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na wengi bila hata kusema kuwa wagonjwa wale walikuwa wamelazwa.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ikaingiza sokoni OxyContin, kidonge cha oksikodoni kilichotengenezwa kiachie dawa polepole kwa saa 12. Maelezo yaliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo yalisema kwamba huko kuachia polepole kunaaminika kupunguza mvuto wa dawa kwa watumiaji vibaya. Kunaaminika! Na nani? Mitaani watu hawakuchelewa kugundua kwamba ukikiponda kidonge, dawa ya saa 12 unaipata kwa mkupuo. Patrick Radden Keefe, katika Empire of Pain cha mwaka 2021, anaifuata familia ya Sackler iliyomiliki kampuni hiyo. Beth Macy, katika Dopesick cha 2018, anawafuata waliokimeza: wachimba makaa, wafanyakazi wa viwandani, vijana wa sekondari. Ukivisoma vyote viwili kwa pamoja unaona jambo moja likirudiwarudiwa: wauzaji walifundishwa la kuwaambia madaktari, madaktari wakawaambia wagonjwa, na katika mnyororo mzima hakuna aliyesema uongo akijihisi mwongo. Walikuwa na barua.

Kuna kipande kimoja ambacho ningependa kila mpenda hoja akijue. Mwaka 1989 wataalamu wawili walichapisha habari za mgonjwa mmoja, kijana wa miaka 17 mwenye saratani ya damu. Kijana huyo alikuwa akiomba dawa kwa namna iliyowafanya wauguzi wamdhanie mraibu, kumbe alikuwa anapewa kidogo kuliko maumivu yake. Wakaliita jambo hilo uraibu bandia. Kwa kijana yule huenda walikuwa sahihi kabisa. Lakini mmoja wa wawili hao, David Haddox, baadaye aliajiriwa na Purdue, na wazo lililozaliwa kwa mgonjwa mmoja likageuka somo la madaktari wengi: mgonjwa akiomba zaidi, akihangaika, akija kabla ya siku yake, usidhani ni mraibu, mwongezee. Sasa niambie, wazo la namna hiyo utalipinga vipi? Dalili ambayo ingelikanusha ndiyo inayogeuzwa kuwa ushahidi wake.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2007 kampuni mshirika wa Purdue ilikiri kosa la kupotosha kuhusu dawa hiyo, na pamoja na wakuu wake watatu zikalipwa dola zaidi ya milioni 600. Mwaka 2020 Purdue ikakiri makosa tena. Kati ya hapo, kidonge kilibadilishwa mwaka 2010 kisipondeke kirahisi, na wengi waliokuwa wameshanaswa wakahamia heroini, kisha ikaja fentanili ya magendo. Mwaka 2021 pekee zaidi ya watu 80,000 walikufa Marekani kwa dawa za jamii hii, wengi wao kwa fentanili hiyo. Madaktari nao, kwa woga, wakaanza kuwakatia dawa ghafla wagonjwa waliozitumia kwa miaka, mpaka mwaka 2019 mamlaka ikabidi ionye kwamba kukata ghafla nako kunaumiza na kunaweza kumsukuma mtu ajiue. Nchi ilitoka kasumba moja ikakimbilia nyingine.

Wala si jambo la karne hii tu. Eugene O'Neill alimaliza tamthilia ya Long Day's Journey into Night mwaka 1941, ikachapishwa 1956 yeye akiwa ameshafariki. Mama wa nyumba ile, Mary Tyrone, alianzishiwa morfini na daktari wa bei rahisi baada ya uzazi mgumu. Tunapomkuta, miaka imepita na familia nzima inamchunguza macho na mikono huku ikijifanya haimchunguzi. Kinachoniumiza katika tamthilia ile ni jinsi kila mtu anavyopata sauti ya kumlaumu baada ya jambo kuharibika, wakati siku ya kwanza hakuwepo wa kumkalisha chini na kumweleza.

Tuvuke bahari sasa. Ripoti ya kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilihesabu kwamba katika takriban tani 298.5 za dawa hizi, kwa kipimo cha morfini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Yaani kilo 100. Gunia moja la mahindi. Gunia moja kwa nchi zote za kundi hilo, Tanzania ikiwemo wakati ule. Na usiseme haraka kwamba ni umaskini. Morfini ya unga ni dawa ya zamani, haina hatimiliki, na ni ya bei ndogo. Sheria ya kimataifa haiikatazi. Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, huohuo unaonukuliwa na polisi, unakiri tangu utangulizi wake kwamba dawa hizi haziwezi kukosekana katika kutuliza maumivu. Kinachozizuia ni hofu, kwa sehemu kubwa sana.

Hofu hiyo nimeiona kwa macho. Baba mkubwa alikuwa na saratani ya tezi dume iliyoshafika kwenye mifupa ya kiuno. Alilazwa katika hospitali moja ya mkoa, akawa anapewa parasetamoli na diklofenaki kama mtu aliyeteguka kifundo. Usiku alikuwa anauma kona ya shuka asiwaamshe wenzake. Nikamfuata sista wa zamu nikauliza kama hakuna morfini. Akaniambia kwa upole, "Hizo dawa kali tunaziogopa, kaka. Mzee atazizoea." Nilirudi kitandani nikamweleza baba mkubwa nilichojibiwa, maana alitaka kujua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nizizoee mpaka lini?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama sista angekuwa nalo. Nataka nimtendee haki lakini. Hakuwa mkatili. Alikuwa anamgeuza mzee yule kila saa mbili, anamfuta jasho. Alichokuwa nacho ni daftari la dawa ambalo kila tone lazima lihesabiwe, kabati ambalo ufunguo wake una mtu mmoja, na mafunzo yaliyomwambia kuhusu morfini jambo moja tu: hatari. Baadaye tulimhamishia kwingine alikopewa morfini ya maji. Usiku wa kwanza alilala mpaka asubuhi, akaamka akaomba redio. Aliishi siku tisa zaidi, na siku hizo alizungumza nasi.

Hofu yetu haikutoka hewani pia. Mwambao wote huu, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, unaujua unga. Tuna msamiati kamili wa heroini: teja, kijiwe, arosto. Tunajua arosto inavyomkunja mtu barazani asubuhi. Neno teja lenyewe linanifikirisha, kwani ni mteja aliyekatwa kiambishi, na mganga naye ana wateja, na muuza dawa ana wateja. Kutoka mgonjwa mpaka mnunuzi mpaka teja, ni neno moja linateremka ngazi. Mtu aliyemwona mtoto wa jirani akiteremka hivyo hawezi kulaumiwa kwa kuogopa.

Lakini hofu isiyotofautisha mambo ndiyo kasumba yetu. Kuna mambo matatu ambayo lugha ya mtaani inayafunga kwenye neno moja, kuzoea. La kwanza, mwili kuhitaji dozi kubwa zaidi ili ufike palepale. La pili ni utegemezi, yaani ukiacha ghafla unatetemeka, unatoka jasho, tumbo linavuruga. Hayo mawili humpata karibu kila anayetumia kwa muda wa kutosha, na dawa yake ni kupunguza polepole chini ya uangalizi. La tatu ndilo uraibu: kuitafuta dawa hata pale inapokuharibia kazi, ndoa na afya. Hilo humpata baadhi, si kila mtu. Mzee mwenye saratani ya mifupa anaweza kuwa na la kwanza na la pili bila hata chembe ya la tatu. Na hata la tatu, tunalitibu kwa nini? Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili inawapa waraibu wa heroini methadoni, dozi ya kila siku mbele ya mtoa huduma. Methadoni ni opioidi. Ukoo uleule unaomlevya mtu kijiweni ndio unaomnyanyua kliniki. Tofauti iko kwenye kipimo, uangalizi, na mazungumzo.

Halafu kuna lile neno letu, jikaze. Tunaambiwa jandoni, tunaambiwa leba, tunaambiwa kwa daktari wa meno. Siudharau uvumilivu. Nimewaona watu walioubeba ugonjwa kwa heshima ambayo sitaifikia. Lakini uvumilivu ni wema wa anayeumwa, naye ndiye wa kuuchagua. Ukitoka kinywani mwa mwenye mwili mzima kwenda kwa aliye kitandani, unakuwa amri. Waswahili walishalimaliza hili: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo tumwage tu morfini? Hapana, na hapa naomba msomaji asinichoke, maana ndipo penye uzito. Kosa la Marekani halikuwa kuwaonea huruma wenye maumivu. Kosa lilikuwa kuichukua hoja ya haki ya mtu anayekufa kwa saratani na kumvika mtu mwenye mgongo unaouma ambaye ana miaka 40 mbele yake. Kwa maumivu ya muda mrefu ya mgongo, nyonga na magoti, utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa kwa miezi 12, na dawa za opioidi hazikuwasaidia kuishi maisha yao ya kila siku kuliko dawa za kawaida. Hatari ileile, faida haipo. Ukweli kuhusu dawa moja si mmoja kwa watu wote, na ndiyo maana hauwezi kuandikwa kwenye bango. Lazima usemwe na mtu kwa mtu.

Na huku kwetu, kinyume cha hofu ya wodini kipo kwenye dirisha la dawa. Mwaka juzi nilianguka na bodaboda nikafungwa vyuma mguuni. Siku ya kuruhusiwa nilipewa bahasha ndogo ya karatasi, ndani vidonge vya tramadoli, juu imeandikwa kwa kalamu "1×3". Mazungumzo yote yalikuwa hayo. Dawa ileile ya ukoo ambao baba mkubwa alinyimwa kwa kuwa ni ya hatari, mimi nilipewa kama peremende. Hakuna aliyeniambia kwamba nisiichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, kwa sababu vyote vinapunguza kasi ya kupumua, na mtu anayezidisha opioidi hufa kwa kusahau kupumua. Hakuna aliyeniambia kwamba tramadoli inaweza kuleta degedege, hasa ukizidisha. Kwamba nisiendeshe gari nikiwa na usingizi wake. Kwamba kinyesi kitakuwa kigumu. Kwamba nisimgawie ndugu anayelalamika kichwa, na mtoto hasa, maana miili haifanani: kodeini, kwa mfano, hugeuzwa na ini kuwa morfini, na kuna watu ambao ini lao huigeuza kwa kasi ya kutisha. Nilivijua baadaye kwa kusoma. Dakika tatu zingetosha kunieleza.

Dakika hizo tatu zinawezekana, na mfano upo Uganda. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitoka kufanya kazi Nairobi. Morfini ya unga ilichanganywa na maji, ikatiwa rangi ili nguvu moja isikosewe kwa nyingine, ikapelekwa mpaka nyumbani kwa wagonjwa. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili wauguzi na matabibu waliofundishwa mahususi waweze kuiandika, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache na wagonjwa wako vijijini. Morfini hiyo ya maji ni nyepesi, haimvutii sana anayetafuta kulewa. Lakini kinachonivutia mimi ni yule muuguzi. Anakaa mkekani, anaeleza kijiko kipi na saa ngapi, anaacha na dawa ya kulainisha choo, anamwambia mke wa mgonjwa dalili za kuangalia, anarudi wiki ijayo. Chupa na maneno vinaingia nyumbani kwa mkono mmoja.

Kuna atakayesema: mtu anayelia kwa maumivu hawezi kupima hatari, atakubali lolote, kumweleza ni kupoteza muda. Pingamizi hili lina nguvu. Maumivu makali hayamwachii mtu nafasi ya kufikiri. Lakini likifuatwa mpaka mwisho linahalalisha kasumba zote mbili, kwa sababu aliyemjaza mgonjwa vidonge na aliyemnyima wote walisema wanaamua kwa niaba yake. Mimi nasoma pingamizi hilo kinyume. Kama maumivu yanaziba akili, basi kwanza yapunguzwe, halafu yazungumzwe, na yazungumzwe tena kesho, akiwepo ndugu anayeaminika. Kuelezwa si kutia sahihi karatasi mara moja. Na kama kuna mtu alikuwa na akili timamu kabisa ndani ya maumivu yake, ni mzee aliyeuliza azizoee mpaka lini. Alikuwa amepima hatari vizuri kuliko sisi wote.

Leo Tolstoy aliliona jambo hili mwaka 1886, katika hadithi ya kifo cha Ivan Ilyich. Hakimu yule anapewa afyuni na sindano za morfini, na hazimfikishi mbali. Kinachomtesa kuliko yote ni uongo wa waliomzunguka, wanaojifanya anaumwa tu, atapona, ajitulize. Faraja anaipata kwa Gerasim, mtumishi kijana, anayekaa usiku akiwa ameibeba miguu ya bwana wake mabegani na asiyeona sababu ya kumficha kwamba anakufa. Wasomaji wengi humpenda Gerasim kisha wakahitimisha kwamba upendo ni bora kuliko dawa. Mimi siafiki. Gerasim hakuwa na morfini, daktari alikuwa nayo. Ivan Ilyich alihitaji wote wawili wawe mtu mmoja.